Wasia wa Baba: Habari za Maktaba ya Khuda Bakhsh ya Patna

Mtu afapo huacha nyumba, shamba, fedha na vyombo, na sheria yetu tukufu imeeleza wazi kila mrithi apate fungu lake. Nyumba yaweza kuuzwa na thamani yake ikagawanywa. Shamba laweza kupimwa na kutiwa mipaka. Ng'ombe huhesabiwa mmoja mmoja. Lakini iko mali moja ambayo ikigawanywa hufa, nayo ni maktaba. Vitabu elfu vilivyokusanywa na mtu mmoja kwa umri wake wote ni kitu kimoja. Wana watano wakigawana, kila mmoja akachukua mia mbili, hazipatikani maktaba tano, bali mizigo mitano. Wa kwanza huuza vyake. Wa pili huviazimisha visirudi. Wa tatu huvifungia sandukuni vikaliwa na mchwa. Wa nne na wa tano husafiri navyo, na habari zao zikaishia huko. Ndivyo zilivyopotea maktaba nyingi za masheikh na wakubwa wa Kiislamu katika kila nchi, pasipo vita wala moto.

Kwa hiyo habari za ukoo mmoja wa Bara Hindi, ulioweza kuirithisha maktaba yake toka kwa babu hata kwa mjukuu isigawanyike wala isipungue, zastahili kusomwa na Waislamu wa kila mahali. Ukoo huo ni wa Maulvi Khuda Bakhsh, na maktaba yake ingali imesimama hata leo katika mji wa Patna, ukingoni mwa Mto Ganges.

Asili ya ukoo huo ni upande wa Chapra, katika nchi ya mashamba ya Bihar, kaskazini ya mto huo. Hawakuwa watawala, wala hawakuwa katika matajiri wakubwa wa nchi ile. Walikuwa watu wa heshima na elimu, wa namna ile ambayo zamani ilikuwa nguzo ya miji na vijiji vya Kiislamu: wajuzi wa sheria, wasomaji wa Kiarabu na Kiajemi, waandishi wenye hati nzuri. Wao wenyewe husimulia kwamba mmoja wa wazee wao, Kadhi Haibatullah, alikuwa miongoni mwa wanazuoni walioshiriki kuitunga Fatawa-i Alamgiri, kile kitabu kikubwa cha fikihi ya madhehebu ya Hanafi kilichokusanywa kwa amri ya Sultani Aurangzeb, aliyetawala tangu mwaka 1658 mpaka 1707. Katika nyumba ya namna hiyo kitabu si pambo la ukutani. Ni chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima.

Baba yake Khuda Bakhsh aliitwa Muhammad Bakhsh, naye alikuwa wakili katika mahakama za Patna. Alirithi kwa wazee wake vitabu mia tatu hivi vilivyoandikwa kwa mkono. Mtu mwingine angaliona kwamba hiyo yatosha kuwa fahari ya nyumba. Yeye aliiona kuwa ni mbegu. Kila alichoweza kukiweka katika mapato ya uwakili alikitoa kununulia vitabu, hata vile mia tatu vikafika 1,400.

Zama zile zilikuwa zama za msiba kwa vitabu vya Kiislamu katika Bara Hindi. Dola ya Mamughali ilikuwa imedhoofika kwa muda wa zaidi ya miaka mia, na katika vita vya mwaka 1857 miji ya Delhi na Lucknow ilitekwa na majeshi ya Waingereza na kuporwa. Hazina za vitabu vya wafalme na mawaziri zikatawanyika. Vingine vikapelekwa Ulaya, vingine vikaangukia mikononi mwa askari wasiojua wamebeba nini, na vingine vikaonekana sokoni vikiuzwa pamoja na vyombo vikuukuu, ilhali vina mihuri ya wafalme katika kurasa zake. Aliyekuwa na jicho la kutambua na moyo wa kujinyima aliweza katika siku hizo kuokoa kitu ambacho kizazi cha pili kisingalikiona tena.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Muhammad Bakhsh, kinachoonyesha alivyokuwa. Jaji mmoja Mwingereza wa Patna, ambaye naye alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu, alimwazima kitabu adimu cha mashairi ya Kamaluddin Ismail wa Isfahan. Alipokwisha kukisoma hakukirudisha. Alitaka kukinunua, akataja fedha nyingi. Muhammad Bakhsh akakataa kwa hasira, lakini wakili atamfanya nini jaji? Akanyamaza. Siku zikapita, jaji akastaafu, akafunga safari ya kurudi kwao. Vitabu vyake vya thamani alivipanga katika masanduku ya kupakiwa melini, na vile visivyo na maana akavitia katika sanduku la kunadiwa. Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu masanduku yakachanganyika. Takataka zikavuka bahari, na vitabu vya thamani vikaletwa mnadani Patna. Muhammad Bakhsh akaenda mnadani, akakirudisha kitabu chake kwa kukinunua, na juu yake akapata vingine ambavyo hakuwa na ndoto ya kuvipata.

Mwaka 1876 mauti yalimfikia. Alipokuwa kitandani alimwita mwanawe Khuda Bakhsh, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1842, akamkabidhi vitabu vile 1,400 pamoja na wasia. Hakumwambia: vitunze vitabu hivi viwe fahari ya wanangu. Alimtaka avikamilishe vitabu katika kila fani ya elimu, kisha ajenge nyumba ya kuviweka na kuifungulia milango kwa watu wote. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Baba hakurithisha mali tu, alirithisha kazi. Mali hugawanywa mafungu, lakini kazi haigawanyiki. Sharti apatikane mtu wa kuichukua nzima.

Yafaa ifahamike kwamba mtu aliyepewa mzigo huo hakuwa na utajiri wa kuubebea. Khuda Bakhsh alikuwa amepelekwa Calcutta kusoma, lakini maradhi ya baba yake yalimlazimisha kurudi nyumbani kabla ya wakati. Nyumba ilikuwa na dhiki, naye akahangaika katika kazi ndogo za ofisi za serikali, ambazo hakudumu nazo. Hatimaye alimaliza masomo ya sheria mwaka 1868 na kuanza uwakili Patna. Hapo Mungu akamfungulia. Jina lake likaenea upesi, wateja wakawa wengi, na mapato yakawa makubwa. Lakini mapato hayo yaliingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, kwani wasia wa baba ulikuwa ukingoja.

Njia alizotumia kukusanya vitabu zilikuwa za mtu mwenye akili ya biashara na shauku isiyo na kiasi. Alimwajiri Mwarabu aitwaye Muhammad Makki kwa mshahara wa rupia 50 kila mwezi, na kwa muda wa miaka kumi na minane mtu huyo alizunguka Misri, Sham na nchi za Arabuni akitafuta vitabu na kuvipeleka Patna. Tena Khuda Bakhsh alijulisha kwamba muuzaji yeyote wa vitabu vya mkono atakayefika kwake atalipwa nauli ya gari la moshi mara mbili ya alichotumia, hata ikiwa hakuuza kitu. Basi kila aliyekuwa na kitabu cha kale katika Bara Hindi alianza kwa kukipeleka Patna kabla ya kwingine kokote. Na alikuwa na mzaha wake, kwamba vipofu ni wa namna tatu: aliyepotewa na macho, anayemwazimisha mtu kitabu cha thamani, na aliyeazima kitabu kama hicho kisha akakirudisha. Mzaha huo haukosi ukali, hasa ukitoka kwa mwana wa yule aliyenyang'anywa kitabu na jaji. Lakini waonyesha kwamba mapenzi ya vitabu, kama mapenzi mengine, yaweza kumfikisha mtu mwema ukingoni mwa haki, na kwamba kilichomzuia Khuda Bakhsh asiwe bahili kama wakusanyaji wengine ni ule wasia uliomwambia kwamba mwisho wa yote ni kufungua mlango.

Siku moja aliibiwa. Mtu aliyewahi kuwa mtunzaji wa maktaba alichukua vitabu kadhaa vilivyo bora, akavipeleka kwa siri kwa dalali wa Lahore ili viuzwe. Dalali akafikiri ni nani katika nchi nzima awezaye kulipa bei ya vitabu hivi. Akamwandikia Khuda Bakhsh mwenyewe! Hivyo vitabu vikarudi kwao, na mwizi akajulikana.

Katika miaka kumi na mitano tangu kufa kwa baba yake, vitabu vilifika karibu 4,000. Humo mlikuwa na nuskha ya Diwani ya Hafidh iliyokuwa mali ya nyumba ya kifalme ya Mamughali. Wafalme Humayun na Jahangir walikuwa wakiifungua kupiga fali, na pambizoni mwake wameandika kwa mikono yao wenyewe jambo walilotaka kulijua na jinsi lilivyotokea. Mlikuwa na historia ya ukoo wa Timur, iliyotengenezwa kwa ajili ya Sultani Akbar na kutiwa picha 132 za mafundi wa baraza lake. Mlikuwa na kitabu cha tiba cha Abul Kasim al-Zahrawi wa Andalus, ambamo vyombo vya kupasulia wagonjwa vimechorwa kimoja kimoja, na kitabu cha miti shamba chenye picha za mimea. Pamoja na hivyo zilikuwamo tafsiri, hadithi, fikihi, tarehe, nyota, hesabu na mashairi, kwa Kiarabu na Kiajemi.

Sifa za vitabu hivyo zilipoenea, British Museum ya London ilitaka kuvinunua vyote kwa fedha nyingi. Khuda Bakhsh alijibu kwamba yeye ni mtu maskini na fedha zilizotajwa ni utajiri mkubwa kwake, ila hawezi kubadilisha kwa fedha kitu ambacho yeye na baba yake wamekitolea maisha yao. Vitabu vile, alisema, ni vya watu wa Patna. Neno hilo la umaskini halikuwa unyenyekevu wa mdomoni. Alikuwa amekwisha kujenga nyumba ya maktaba, ya ghorofa mbili, iliyomgharimu yapata rupia 80,000, na mali yake yote ilikuwa imegeuka kuwa karatasi na matofali.

Mwaka 1891 aliandika hati ya kuitoa maktaba yote, majengo na vitabu, iwe ya umma, kwa sharti kwamba vitabu visihamishwe Patna. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikafunguliwa rasmi na Sir Charles Elliott, Luteni Gavana wa Bengal. Jina lililoandikwa lilikuwa Maktaba ya Umma ya Elimu za Mashariki. Lakini watu wa Patna hawakulishika jina hilo refu. Wakaiita Maktaba ya Khuda Bakhsh, na ndivyo iitwavyo hata leo.

Yaweza kuulizwa: je, hakuwadhulumu wanawe? Vitabu hivyo vingaliuzwa, kila mmoja wao angalikuwa tajiri. Swali hili ni la haki, na sheria yenyewe imelifikiria. Mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake baada ya kufa, ili warithi wasiachwe mikono mitupu. Lakini Khuda Bakhsh hakungoja kufa. Alitoa akiwa hai, mzima wa mwili na akili, kitu kilicho chake, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, miaka kumi na saba kabla ya mauti yake. Tena wanawe hakuwanyima urithi ulio bora kuliko rupia. Mmoja wao, Salahuddin Khuda Bakhsh, alisoma katika chuo kikuu cha Oxford, akawa wakili na mwanachuoni aliyejulikana kwa vitabu vyake vya tarehe ya Kiislamu, mpaka alipofariki mwaka 1931. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya vitabu vya watu wote hakukosa kitu.

Mwaka 1895 Khuda Bakhsh alichaguliwa kuwa Jaji Mkuu katika mahakama kuu ya Nizam wa Hyderabad, akakaa huko miaka mitatu, kisha akarudi Patna. Uzee wake haukuwa wa raha. Alipatwa na kiharusi, hakuweza tena kufanya kazi, na madeni yakamwelemea, hata serikali ikalazimika kumsaidia kuyalipa na kumwekea posho kwa kazi ya ukatibu wa maktaba. Mtu aliyekuwa na hazina ambayo miji mikuu ya Ulaya iliitamani alikuwa akidaiwa. Hata hivyo haikusikiwa kwamba aliuza hata kitabu kimoja. Wala hakuwa na cha kuuza tena, kwani vitabu havikuwa vyake.

Yeye mwenyewe alisimulia ndoto aliyoiota. Aliona njia iliyo karibu na maktaba imejaa watu. Akatoka kuuliza kuna nini, wakamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekuja kuizuru maktaba, naye hayupo kumpokea. Akakimbilia chumba cha vitabu, akakuta amekwisha kuondoka. Lakini mezani palikuwa na vitabu viwili vya hadithi, vimefunguliwa. Watu wakamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyovisoma. Alipoamka aliandika katika vitabu hivyo viwili, kwa mkono wake, kwamba visitolewe nje ya maktaba kamwe. Elimu ya ndoto ina wenyewe. Lakini hata asiyeifuata aweza kufahamu kutokana nayo jinsi mtu huyo alivyoitazama kazi yake: aliitunza maktaba kama atunzaye nyumba ambayo mgeni mtukufu aweza kuingia saa yoyote.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1908, akazikwa katika uwanja wa maktaba. Aliyoyaacha hayakufa pamoja naye. Mwaka huo huo ilianza kutoka orodha iliyochapishwa ya vitabu vya mkono, ikieleza kila kitabu, mtungaji wake, mwandishi wake na hali yake. Wanachuoni wa kila dini wakaja kusoma. Jadunath Sarkar, mwanahistoria mkubwa wa Kihindu aliyeandika tarehe ya Sultani Aurangzeb, alikuwa miongoni mwao, na ndiye aliyehifadhi kwa maandishi visa vingi vya maisha ya Khuda Bakhsh. Mwaka 1969 Bunge la India lilipitisha sheria ya kuitangaza maktaba hiyo kuwa taasisi ya daraja la taifa. Mwaka 2011 ile tarehe ya ukoo wa Timur iliandikwa na UNESCO katika daftari la kumbukumbu za dunia. Vile vitabu mia tatu vya babu leo ni zaidi ya 21,000 vya mkono, mbali na vilivyopigwa chapa.

Mambo matatu yanayotajwa misibani mwetu, kwamba hayamkatikii mtu baada ya kufa, yaani sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema, yameonekana pamoja katika nyumba hii moja. Baba alikusanya elimu. Mwana alikuwa mwema kwa kushika wasia. Na sadaka ikatokana na wema huo. Lau baba asingesema neno lake mwaka 1876, mwana angalikuwa mrithi kama warithi wengine. Na lau mwana angalisikia tu na asitende, lile neno lingalizikwa pamoja na aliyelisema.

Waislamu wa kanda hii ya maziwa wana haki ya kuitazama habari hiyo kama jambo linalowahusu. Dini ilipofika huku kutoka Bagamoyo hata Ujiji, na kutoka hapo hata Bujumbura na Kasongo, ilibebwa na watu waliokuwa na misahafu na vitabu vyao katika mizigo, na vingi katika vitabu vilivyosomewa madrasa za pwani vilipigwa chapa Bombay, katika Bara Hindi hiyo hiyo. Katika nyumba za wazee bado hupatikana msahafu wenye tarehe za kuzaliwa watoto zilizoandikwa katika jalada, kitabu cha maulidi chenye jina la mwalimu wa kwanza wa mtaa, daftari la mirathi au la ndoa, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Si vitabu vya wafalme. Lakini havina nuskha ya pili, na mchwa hawaulizi thamani.

Hapahitajiki rupia 80,000. Kwanza, vitu hivyo vitolewe masandukuni, vipanguswe vumbi, viwekwe pakavu, na majina yake yaandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyeviacha. Pili, ukoo ukubaliane juu ya mmoja wao wa kuvitunza, si lazima mkubwa kwa umri, bali mwenye kusoma na mwenye amana, na ajulikane kwa wote kwamba ni mtunzaji, si mwenye mali. Tatu, mwenye navyo aseme angali hai anavitakia nini: vibaki katika ukoo, au viwekwe wakfu kwa msikiti, au kwa madrasa, na alisemalo aliandike mbele ya mashahidi. Maneno ya kitandani hayapati mtoto kama Khuda Bakhsh kila siku.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammad Bakhsh na mwanawe, awarehemu na wazee wetu waliotuletea elimu, na atujalie kuwa warithi wanaostahili kurithi. Amin.